Sahani Mbili hadi Entebbe

Tangu turudi, kila anayepita kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli hapa Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ananiuliza swali lile lile: "Kule Entebbe, ku bichi, mulikulaka wapi?" Hawaulizi tulilala wapi, wala ziwa likoje. Mimi najibu kwamba tulikula vizuri tu, kisha najifanya natafuta spana, kwa sababu jibu la kweli ni refu na linanitoa jasho hata sasa. Nimechoka kutafuta spana. Someni hapa, halafu mniache nifanye kazi.

Nilisafiri na mama mkwe. Wale wa kwetu wameshaelewa, lakini majirani wengine lazima niwaeleze. Katika ukoo wetu, mwanamume hali mbele ya mama wa mke wake, na mama naye hali mbele yake. Hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, na neno lolote kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Inaisha siku mkwe anapoleta mbuzi wa kufungua kinywa, watu wakamla pamoja. Mbuzi wangu mimi alikuwa bado. Nilioa hapahapa kambini, na kila nilipofikiria mbuzi, mbuzi aligeuka kuwa mabati au homa ya mtoto.

Jambo la pili: mama mkwe ana sukari. Asubuhi na jioni anajidunga sindano, na akishajidunga lazima ale. Mganga wa zahanati alimweleza Furaha, mke wangu, nami nikiwa nimesimama mlangoni: sindano bila chakula inaweza kumuua mtu akiwa amekaa kwenye kiti. Maneno hayo nilisafiri nayo njia nzima.

Juru hadi Mbarara

Mwaliko ulitoka kwa Espoir, mdogo wake Furaha, anayepika katika hoteli moja Entebbe. Alipata siku za mapumziko akataka mama yake aone maji makubwa. Tangu atoke Baraka, kwetu Kongo kwenye Ziwa Tanganyika, mama mkwe hajaona maji ambayo ng'ambo yake haionekani. Ziwa letu la Nakivale analidharau. Anasema ni sahani ya supu.

Mpango ulikuwa twende watatu. Furaha angekaa katikati, angekula na mama yake, mimi ningejitafutia kona yangu. Asubuhi ile mzigo ukiwa tayari, mtoto wetu mdogo akaanza kutapika. Furaha akasimama mlangoni na mtoto begani, akasema, "Mutangulie. Nitabakuta Mbarara. Musikose bisi juu yangu."

"Na chakula?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Mama atajua. Wewe angalia tu akule. Umesikia? Akule."

Kumwangalia mama mkwe akila ndicho kitu kimoja nisichoruhusiwa kufanya duniani, na ndicho nilichopewa kama kazi. Nilipanda kiti cha mbele pembeni ya dereva, yeye akakaa nyuma kabisa, amebeba termosi. Ndani ya termosi hakukuwa na chai; kulikuwa na dawa yake imefungwa kwenye kitambaa kilicholowa, isipate joto. Hadi Kaberebere hatukusemezana. Nilimsikia akikohoa mara moja nikageuka, halafu nikaona haya kwamba nimegeuka.

Mbarara, nyuma ya stendi

Furaha akapiga simu tukiwa tumeshafika. Mtoto alikuwa anachemka, hawezi kumwacha. Tuendelee.

Niliishika simu muda mrefu hata baada ya kukatika. Kurudi Juru? Espoir alikuwa ameshalipia kila kitu, na mama mkwe, ambaye hasemi sana, alikuwa amekwisha nunua kandambili za kutembelea mchangani. Nikaamua tutaendelea. Kwanza ale.

Tulipata mkahawa nyuma ya stendi wenye chumba cha ndani, na nikafurahi kwa kile chumba kama mtu aliyeokota pesa. Mhudumu alikuwa dada wa hapo, Mnyankore mnene mwenye tabasamu la haraka. Nilimweleza: mama huyu akae ndani, atazame ukuta, apewe matoke na maharagwe, mtu asimsumbue. Mimi niletewe chakula changu nje, uani, karibu na mapipa.

"Nyinyi mmegombana?" akauliza.

"Hapana. Ni mama mukwe wangu."

"Aaa," akasema, kama aliyeelewa.

Mama mkwe akaenda bafuni na termosi yake, akarudi. Kwa hiyo sindano ilikuwa imekwisha ingia. Mimi nikatoka uani nikasubiri. Chakula changu hakikuja. Nikasubiri tena. Mwisho yule dada akatokea mlangoni akaniita kwa mkono.

"Mzee, chakula yako iko tayari. Nimeweka kwa mama, meza ile ile. Nyinyi mmekuja pamoja, nyinyi nakula pamoja. Mama si mtu ya kununiwa."

Nikamwomba, nikamsihi, aitoe sahani yangu pale mezani upesi. Aliitoa, akinicheka kwa macho. Nikala nimesimama, bila kuonja chochote. Baadaye nikamuuliza swali moja lililonihusu.

"Mama amekula?"

"Amemaliza yote, sebo. Sahani iko safi kabisa."

Nilimshukuru Mungu pale kwenye mapipa, kwa sauti. Ningeweza kwenda kumuuliza mwenyewe kama ameshiba? Haiwezekani. Kwetu, mwanamume hamuulizi mama mkwe habari za kinywa chake. Nililichukua neno la mhudumu nikaliamini, na yule dada hakudanganya. Sahani ilikuwa safi kweli.

Biharwe

Ndani ya basi la Kampala tulipewa viti vya kugusana. Mama mkwe alipoona hivyo akabaki amesimama kwenye ujia, amejifunika kitenge hadi kwenye nyusi. Watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Aliyetuokoa ni Mrundi mmoja wa makamo, Nestori, mwenye rozari shingoni na gunia dogo la vitambaa vya biashara. Aliangalia mara moja tu.

"Ni mukwe?" akaniuliza.

"Ni mukwe."

"Basi mimi nitakaa katikati. Hata kwetu wazee wanafanya hivyo."

Akakaa katikati, akawa mjumbe wetu. Mama mkwe akamwambia, "Umwambie mukwe wangu afunge dirisha, vumbi." Nestori akanigeukia: "Mama anasema ufunge dirisha." Nikafunga. Nikamwambia, "Umwambie mama pole." Akamwambia pole. Abiria wa kiti cha mbele alicheka hadi akapaliwa.

Hatukuwa tumefika mbali wakati basi lilipoanza kutoa moshi. Pale Biharwe, kando ya barabara ya Masaka, dereva akazima injini na kututeremsha wote. Basi jingine lingetumwa kutoka mjini, akasema, lipo njiani. Basi hilo lilikuwa njiani tangu jua likiwa upande mmoja wa kichwa hadi lilipohamia upande wa pili.

Wachuuzi walikuja kama walioalikwa: mahindi ya kuchoma, gonja zile ndizi za kuchoma, chapati, maji ya chupa. Abiria wote wakala. Mama mkwe alikaa kwenye kivuli chembamba cha basi, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Nilidhani ameshiba. Mimi nilianza kusikia njaa, lakini ningekula wapi? Nikanunua gonja mbili nikazunguka upande wa pili wa basi, upande wa magari, nikala nimeinama karibu na gurudumu kama mwizi. Malori yalinipita yakinipuliza vumbi kwenye gonja.

Hapo ndipo Nestori akaja mbio.

"Bwana, uko wapi? Mama hayuko vizuri. Anatetemeka."

Nilizunguka basi nikiwa bado natafuna. Mama mkwe alikuwa ameegemea gurudumu, kilemba kimeanguka, jasho linamtiririka wakati sisi wengine tumekauka. Midomo ilikuwa inacheza bila kutoa maneno. Aliniangalia usoni, moja kwa moja, na kwa jinsi alivyoniangalia nilijua hakuniona. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniangalia.

"Ni sukari," nikasema. "Amechoma sindano. Lakini amekula! Amekula Mbarara!"

Nilitafuta mwanamke wa kumshika. Nisikilizeni vizuri hapo: mama anakufa, na mimi natafuta mwanamke, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na haya kuliko akili yangu. Nikamwomba mama mmoja wa mahindi amnyweshe. Alirudi nyuma, akajifunika mdomo kwa leso. "Iko na ugonjwa gani? Inatoka kambi?" Mwingine akasema asiguswe mpaka watu wa afya waje. Duara likapanuka. Hata abiria waliocheka nasi ndani ya basi sasa walikuwa mbali, wameshika watoto wao. Nestori peke yake ndiye aliyebaki. Nilimtupia noti yoyote niliyoshika akakimbilia dukani kutafuta soda.

Nikapiga magoti, nikafungua mkoba wake nikitafuta peremende au sukari. Mkono wangu ukaingia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, ya joto, laini. Nikaitoa. Matoke. Matoke na maharagwe, yote, hata supu, imefungwa fundo safi.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Aliiona sahani yangu ikiwekwa mbele yake, akadhani mkwe anakuja kuketi. Angefanya nini? Alikimwaga chakula kwenye kavera, akaacha sahani safi, akangoja kwa adabu. Na baada ya hapo hakupata mahali. Ndani ya basi nilikuwepo. Kando ya barabara nilikuwepo. Wakati najificha nyuma ya gurudumu ili nisimwaibishe, yeye alikuwa amekalia chakula chake ili asiniaibishe mimi.

Nestori akarudi na soda. Nilimshika mama mkwe kichwa, kichwa kitupu kisicho na kilemba, nikamlaza kwenye mkono wangu. Meno alikuwa ameyabana. Nikamimina kidogo kwenye kofia ya chupa, nikampaka midomoni, nikaingiza kidole shavuni ili meno yaachane. Akaning'ata. Aling'ata kwa nguvu zote alizobaki nazo na mimi sikutoa kidole, kwa sababu pembeni yake soda ilikuwa inapita, na koo lilikuwa linameza. Nililia. Sitaki kuficha. Nilikuwa namwita "mama, mama," mimi ambaye sijawahi kumwambia hata habari za asubuhi bila kumpitishia mtu.

Soda ikapungua chupani. Kutetemeka kukapungua. Halafu macho yake yakarudi, nikaona yanarudi, yakaniona. Akauliza kwa sauti ndogo, akimwangalia Nestori, "Nani alinifungua kichwa?"

"Kilianguka, mama," Nestori akasema.

Akajifunika. Lakini soda haitoshi, hilo mganga alikuwa amelisema: baada ya kitu kitamu lazima chakula. Nikamega matoke nikanyoosha mkono. Alifumba macho, na akiwa amefumba macho akafungua kinywa. Nilimlisha hivyo hadi kavera ikaisha, mbele ya Biharwe yote.

Kupita Masaka

Nilitaka turudi Mbarara, tumpeleke hospitali. Alimwambia Nestori anajijua, imeshampata siku za nyuma, anachotaka ni kufika kwa mtoto wake. Basi jingine likaja mwishowe. Nestori akakaa katikati, lakini sasa hakuwa na la kupeleka. Mama mkwe alijifunika kitenge uso mzima. Mimi nilikuwa nimefunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha biashara alichonipa, kinapwita.

Tuliposimama Lukaya, wachuuzi wa mishikaki walijaa madirishani, wakisukuma nyama hadi kwenye pua zetu. Hakununua mtu katika kiti chetu. Nilimwambia Nestori amuulize kama anajisikia vizuri. Akamuuliza. Kitenge hakikujibu. Nestori akanigeukia akasema polepole, "Anapumua vizuri. Hiyo ndiyo jibu."

Nilikuwa naogopa vitu viwili, na nitavisema vyote. Kwamba usiku ule mama mkwe angejidunga tena. Na kwamba baada ya aibu ya Biharwe hatakula tena popote nilipo, hata kwenye chumba cha jirani. Nestori aliteremka Kampala, akatuombea kwa Kirundi, na baada ya hapo kiti cha katikati kikabaki kitupu.

Entebbe, mchangani

Jioni ile mama mkwe alikula chumbani kwa Espoir, mlango umefungwa, na Espoir akatoka kuniambia kwamba ameona kwa macho yake. Nililala kama gogo.

Asubuhi Espoir akatuamsha kwa furaha. Ni mtoto wa mjini, viatu vyeupe, na nilipomweleza habari za njiani alishika kichwa, kisha akasahau. "Leo tunakula ku maji! Fasi iko hapa karibu tu." Mama mkwe akasikia "karibu tu," akajidunga.

Fasi ya kwanza, yaani mahali pa kwanza pa kula, ilikuwa imekodiwa kwa harusi. Mlinzi hakutaka hata tuchungulie. Ya pili walikuwa wanafagia, moto haujawashwa. Tukatembea mchangani, Espoir akisifia kila kibanda, mimi nikihesabu hatua za mama mkwe kwa macho. Maji yale ni makubwa kweli. Hata sikuyatazama.

Fasi ya tatu ilikuwa wazi, na hapo niliona kosa ambalo mtu wa mjini hawezi kuliona. Ufukweni hakuna kuta. Ni paa la nyasi, meza, viti vya plastiki, na upepo. Hakuna chumba cha ndani, hakuna ua wa mapipa. Meza iliyobaki ilikuwa moja, ya pembeni kabisa, jirani na Wazungu wawili na watoto wao.

"Tunakaa pamoja," Espoir akasema. "Hapa ni vakansi. Habari za mbuzi tuliziacha Juru."

Nikasema nitasimama kule kwenye mitumbwi. Espoir akanishika mkono akanikalisha. Mama mkwe akakaa upande wa pili, akageuza kiti, akatupa mgongo. Samaki wangechukua muda, wakaleta kwanza chapati na chai ya maziwa. Hakugusa. Espoir akambembeleza. Hakugusa. Wakaleta samaki, ngege watatu wazima wa kukaanga, wamepasuliwa mbavu, chumvi inang'aa juu. Mgongo haukugeuka. Niliangalia mikono yake iliyolala mapajani. Kidole kimoja kilianza kucheza.

"Mama," Espoir akasema, sasa naye sauti imebadilika, "kula basi. Mama."

"Umwambie mukwe wangu atoke kidogo."

Nilisimama. Kisha nikafikiria: nikitoka leo, kesho tena nitatoka, na kwenye basi la kurudi nitatoka niende wapi? Nikakaa. Na sikumwambia Espoir amwambie. Nikasema mwenyewe, kwa mgongo ule:

"Mama, ukikataa kula, nitakulisha mimi. Hapa hapa, mbele ya bazungu bale na watoto babo. Unajua nitafanya."

Upepo ukapeperusha karatasi za mezani. Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika, na mimi nikaruka kwenye kiti nikidhani imeanza tena. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kwa muda mrefu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akageuza kiti.

Akavuta sahani. Akavunja chapati, akala. Akachukua samaki kwa vidole, akala macho yake yako kwenye maji. Nami, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaanza wangu. Alipofika kwenye kichwa cha samaki aliinua macho, akaangalia sahani yangu, akaniangalia mimi, na neno la kwanza alilonipa mdomo kwa mdomo tangu nioe katika nyumba yake lilikuwa hili:

"Kumbe unakulaka mbaya hivi. Nani anaanzaka samaki ku mukia?"

Juru tena

Mtoto tulimkuta amepona, anakimbiza kuku. Kidole, nilimwambia Furaha kwamba kilibanwa na mlango wa basi. Mama mkwe alisikia, akaenda kuhifadhi dawa yake ndani ya chungu cha mchanga uliolowa.

Jioni Furaha akapakua bugari, ugali wetu, na maharagwe, akatandika kama siku zote: mkeka wangu chini ya baraza, wa mama yake huko jikoni. Mama mkwe akatoka jikoni na sahani yake mkononi, akapita uani, akakaa kwenye mkeka wangu. Furaha alibaki amesimama na mwiko, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake, uso umepauka.

"Mama, na ile mbuzi? Bado hajaleta."

"Mbuzi ya nini tena?" mama mkwe akasema, akimega bugari. "Nyama yake nilishaonja, siku ile ku Biharwe."

"Nyama gani?" Furaha akauliza. Sote wawili tulikuwa tunatafuna.